Sampuli ya uyoga: jinsi ya kuiandikia kumbukumbu, kutoka porini hadi kwenye hifadhidata

Kila mvua za kwanza zikishuka, maswali yanayoletwa hebaria (nyumba ya kuhifadhia sampuli kavu za mimea na kuvu) ni yale yale. "Nimeokota uyoga na nimeukausha, sasa niandike nini?" "Namba ianzie ngapi?" "Kama sijui jina lake, nitauingizaje kwenye mkusanyiko?" Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi, msaidizi wa hebaria au mhifadhi wa msitu unayeanza kazi hii. Mifano mingi ni ya miombo ya Tanzania, lakini hatua ni zile zile ukiwa Kakamega, Bwindi au Kivu.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mmea uliobanwa kwenye gazeti bado unafanana na mmea. Uyoga ukikauka hupoteza rangi, harufu, utelezi, utomvu na sehemu kubwa ya umbo lake, ukabaki kama kipande cha gome. Asiyeuona ukiwa mbichi atategemea maandishi yako tu. Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa chini zinafuata kile kinachopotea kwanza. Usizipange upya kwa kuona kwamba lebo inaweza kusubiri hadi jioni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Kibali. Tanzania utafiti huidhinishwa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kuingia hifadhi ya msitu ya serikali unahitaji ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi ya huko), pamoja na KWS (shirika la wanyamapori) kwenye maeneo yao. Namba ya kibali nayo ni sehemu ya kumbukumbu.
- Daftari lenye jalada gumu na penseli ya HB au 2B. Kalamu ya wino huvuja mvua ikinyesha, penseli haivuji.
- Kisu chenye bapa imara na kikoleo kidogo cha bustani.
- Mifuko ya kaki ya ukubwa tofauti na trei ya mayai kwa uyoga mdogo. Mfuko wa plastiki uache nyumbani: uyoga hutoka jasho humo, na baada ya saa mbili tatu umekuwa uji.
- Kikapu kigumu. Begi la mgongoni huuponda uyoga.
- Simu yenye kamera na GPS, rula ya milimita, na karatasi ya kijivu au nyeupe ya kusahihishia rangi.
- Karatasi ya alumini ya jikoni, wembe mpya, vichupa vya mililita 1.5, na silika jeli (punje zinazofyonza unyevu).
- Kikausha chakula cha umeme chenye kidhibiti joto. Kikishatumika kwa uyoga wa utafiti kisirudi jikoni tena, kwa sababu sampuli nyingine zina sumu.

Hatua za kazi

1. Toa namba kabla ya kung'oa.

Tumia herufi za jina lako na namba inayoendelea maisha yako yote: AM 1, AM 2, hadi AM 3000. Usianze upya kila mwaka wala kila safari. Ukianza upya, baada ya miaka mitano utakuwa na AM 12 tano, na hakuna atakayejua ipi ndiyo iliyopigwa picha.

Namba moja maana yake ni spishi moja, mahali pamoja, wakati mmoja. Uyoga unaofanana ulioota mita tatu mbali, chini ya mti mwingine, upewe namba yake. Sampuli mbili zikija kugundulika kuwa kitu kimoja, kuziunganisha ni kazi ya dakika moja. Spishi mbili zilizokaushwa ndani ya mfuko mmoja mara nyingi hazitenganishwi tena.

2. Piga picha palepale ulipoota.

Picha nne zinatosha: kutoka juu, kutoka chini ukionyesha matamvua (vile vikunjo vya chini ya kofia) au matundu, kutoka ubavuni ukionyesha shina zima, na uyoga uliopasuliwa katikati kwa urefu. Weka rula na kikaratasi cha namba ndani ya kila picha. Kivuli ni bora kuliko jua kali, maana jua huosha rangi za njano na chungwa.

Usizihamishe picha kwa kuzituma WhatsApp kama picha za kawaida. Hupunguzwa ukubwa, na taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani ya faili hufutika. Ukilazimika, zitume kama hati. Jina la faili libebe namba ya sampuli: AM147_1, AM147_2.

3. Chimba, usivute.

Chini ya shina ndiko kuliko na ushahidi mwingi. Amanita nyingi zina kikombe kilichozikwa ardhini, na uking'oa kwa kuvuta kikombe hubaki udongoni. Uyoga wa kichuguu, yaani jenasi ya Termitomyces, mara nyingi una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye bustani ya mchwa, pale chini ya ardhi mchwa wanapolima kuvu. Fuata mzizi huo kwa kikoleo kadiri uwezavyo, kisha andika ulifikia kina gani na kama ulikatika. Termitomyces microcarpus, ule mdogo uotao kwa mamia juu ya ardhi, hauna mzizi huo, kwa kuwa huota kwenye mabaki ya bustani ambayo mchwa wameyatoa nje. Kumbukumbu inayosema "hakuna mzizi" ilhali mzizi ulikatikia ardhini humpotosha mtambuzi kabisa.

Chukua uyoga wa hatua tatu: mchanga, uliofunguka, na uliokomaa. Uliooza uache.

4. Andika mahali na mazingira ukiwa bado umepiga magoti.

Acha simu itulie dakika moja au mbili ili GPS ishike vizuri, hasa chini ya miti mikubwa. Andika viwianishi (latitudo na longitudo) kwa digrii za desimali zenye tarakimu nne baada ya nukta, ambazo hutosha kwa usahihi wa mita 11 hivi. Andika pia kosa linaloonyeshwa na simu, kwa mfano "± m 8". Mwinuko wa simu huyumba kuliko viwianishi, kwa hiyo uandike ukiwa umekadiriwa kwenye makumi ya mita.

Andika pia maneno: "km 4 kusini-magharibi mwa kijiji, bondeni, upande wa kushoto wa njia ya mkokoteni." GPS ikikosewa, maneno ndiyo yatakayoiokoa sampuli.

Kisha mazingira, na hapa wanaoanza huandika kidogo mno. "Msituni" haisemi kitu. Taja kilichobeba uyoga (udongo, majani makavu, gogo, kinyesi, kichuguu) na miti iliyo ndani ya mita 10. Kwenye miombo, Brachystegia, Julbernardia na Afzelia huishi kwa ushirika na kuvu kwenye mizizi yao. Mninga ulio pembeni yao haushirikiani na kundi hilo la kuvu. Kwenye shamba la misonobari kama Sao Hill, Mufindi, utakuta Suillus, uyoga uliokuja na miti hiyo ya kigeni. Ukiandika "Mufindi, msituni", anayesoma hatajua kama sampuli ni ya miombo ya asili au ya misonobari, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Kama kuvu iko juu ya mmea hai, mathalani kutu ya majani, jina la mmea lina uzito sawa na jina la kuvu. Kata tawi lenye jani na ua ili mmea nao utambuliwe.

Jina la kienyeji liandike pamoja na lugha yake: Kihehe, Kibena, Kinyamwezi. Jina lisilotajwa lugha halimsaidii mtu.

Saa nayo ina mtego wake. Ukiandika "2:00" kwa hesabu yetu ya saa mbili asubuhi, hifadhidata itasoma saa nane usiku. Andika 08:00.

5. Eleza uyoga ungali mbichi, siku ile ile.

Anza na vinavyotoweka upesi zaidi: harufu, utelezi wa kofia, utomvu, na rangi inayogeuka ukikata au kukwaruza. Kata, tazama saa, kisha andika rangi baada ya dakika 1, 5 na 30. Maelezo mazuri huwa hivi:

AM 147. Kofia mm 62–85, katikati imebonyea, kavu, kama mahameli, rangi ya chungwa iliyofifia, ukingo umejikunja. Matamvua yameshuka kidogo kwenye shina, yameachana, rangi ya krimu; yakikwaruzwa huwa kahawia ndani ya dakika 5. Utomvu mweupe, mwingi, haubadiliki hewani lakini hutia doa la kahawia kwenye karatasi. Shina mm 40–55 × 14–18, gumu, rangi kama ya kofia. Nyama nyeupe. Harufu ya samaki, kali zaidi baada ya saa moja.

Hapo hakuna jina, lakini mtaalamu wa Lactarius na Lactifluus, jenasi za uyoga wenye utomvu, tayari ana pa kuanzia. "Uyoga wa chungwa, mzuri, wa wastani" haumfikishi popote. Vipimo viwe vya uyoga zaidi ya mmoja, kwa milimita. Ukilinganisha rangi na kitu, chagua kisichobadilika: ganda la yai la kuku wa kisasa si rangi moja na la kuku wa kienyeji.

Usionje. Wapo watambuzi wazoefu waonjao na kutema. Wewe acha.

Ukiwa na potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 hadi 5, dondosha tone moja juu ya kipande cha kofia na uandike rangi inayotokea, kisha kitupe kipande hicho. Vaa glavu na ulinde macho.

6. Chukua chapa ya spora na kipande cha DNA.

Kata kofia iliyokomaa, ilaze matamvua yakitazama chini juu ya karatasi ya alumini, funika kwa kikombe, na iache saa 4 hadi 12. Anayetumia karatasi nyeupe mara nyingi huandika "hakuna chapa", kumbe spora (chembe za uzazi za uyoga) nyeupe zimelala pale pale juu ya weupe. Itazame mchana, sehemu spora zilipolala nene. Rangi hii peke yake hupunguza maswali mengi: Termitomyces hutoa waridi, Amanita hutoa nyeupe, na kijani inakuonya kuhusu Chlorophyllum molybdites, uyoga wa sumu wa kwenye nyasi za bustani na viwanja. Kunja alumini, iandike namba, iende na sampuli.

Kwa DNA, pasua kofia kwa mikono, kisha kwa wembe safi kata nyama ya ndani ambayo haijagusa hewa wala udongo, ukubwa wa punje ya mchele. Itie kwenye kichupa chenye silika jeli na uandike namba juu ya kichupa na ndani yake. Sehemu ya DNA itakayosomwa kwanza inaitwa ITS, iliyokubaliwa mwaka 2012 kuwa alama rasmi ya kutambulishia kuvu. Wembe usiofutwa kwa spiriti hubeba DNA ya uyoga uliotangulia, na maabara itakupa jina la sampuli nyingine.

7. Kausha siku ile ile.

Joto liwe nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, na hewa ipite. Uyoga mwembamba hukauka kwa saa 8 hadi 12, mnene saa 24 au zaidi. Zaidi ya nyuzi 50 unapika: nyama hugeuka nyeusi na DNA huharibika. Chini ya 35 kwa uyoga mnene, mabuu hula na ukungu humea kabla maji hayajatoka. Uyoga mkubwa upasue katikati kwa urefu na uache nusu moja bila kuikatakata. Jamii ya wino, ile inayoyeyuka na kudondoka matone meusi, itangulie yote, kwani hadi asubuhi huwa haipo.

Pasipo umeme wa uhakika, tengeneza sanduku la mbao lenye matundu chini na juu, wavu katikati, na chanzo cha joto chini. Balbu ya zamani ya wati 60 inafaa. Balbu ya LED haitoi joto la kutosha, na wengi hulisahau hilo. Jua la msimu wa mvua usilitegemee.

Umekauka lini? Vunja shina nene zaidi: likatike kwa mlio. Likipinda kama ngozi, rudisha. Ukiwa bado una vuguvugu, utie moja kwa moja kwenye mfuko wa zipu wenye silika jeli. Dar es Salaam au Mombasa, uyoga mkavu ulioachwa mezani hulainika tena ndani ya saa chache.

Kikaratasi cha namba kisitengane na uyoga hata mara moja: mfukoni, kwenye trei ya kikausha, kwenye mfuko wa zipu. Sampuli nyingi huchanganyika ndani ya kikausha, trei zinapozungushwa.

8. Gandisha, kisha funga.

Kabla sampuli haijaingia chumba cha mkusanyiko, iweke kwenye friza ya nyuzi −18 au chini yake kwa siku 14, ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka ulingane na joto la chumba. Ukiwahi kuufungua, unyevu hutua juu ya uyoga.

Bahasha inakunjwa kwa A4 isiyo na asidi. Isimamishe kwa urefu, kunja sehemu ya chini kwenda juu sm 11.5, kunja pande zote mbili kwenda nyuma sm 3 kila upande, kisha teremsha mfuniko wa juu wenye sm 6.7. Utapata bahasha ya sm 15 × 11.5, na lebo inakaa kwenye mfuniko. Uyoga mnene uwekwe kwenye kiboksi. Usiubonyeze ili utoshe.

Lebo ichapwe kwa printa ya leza. Wino wa printa nyingi za bei nafuu hutiririka ukipata maji, na karatasi ya risiti hufifia kwa joto. Iwe na jina (au "Lactifluus sp."), nchi, mkoa, wilaya, mahali kwa maneno, viwianishi na kosa lake, mwinuko, mazingira, tarehe, mkusanyaji, namba yake, na aliyetambua pamoja na mwaka.

9. Ingiza kwenye hifadhidata.

Utaratibu unaotumika duniani kubadilishana taarifa hizi unaitwa Darwin Core, na ndio GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, inaousoma. Hata ukiwa na Excel tu, zipe kolamu majina yake tangu mwanzo: recordNumber ni namba ya mkusanyaji, catalogNumber ni namba ya hebaria, eventDate ni tarehe ya kuokota. Namba hizo mbili ni tofauti, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Tarehe iwe 2025-01-18, na kolamu ifanywe ya maandishi kabla ya kuanza kuchapa. La sivyo 3/4 itakuwa Machi kwenye kompyuta moja na Aprili kwenye nyingine. Usivute kisanduku kwenda chini ili kunakili: tarehe zitapanda siku moja moja, na "Kituo 1" kitakuwa "Kituo 2" bila wewe kuona. Tumia kunakili na kubandika.

Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi. Iringa mjini ni −7.77, 35.69. Ukisahau alama ya kutoa, sampuli yako imehamia Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba hizo, iko baharini magharibi ya mlango wa Gibraltar. Kila ukimaliza kuingiza, mwaga nukta zote kwenye ramani. Hakuna ukaguzi ulio rahisi kuushinda huo.

10. Jina ni la mwisho, nalo huongezwa bila kufuta la zamani.

Usizuie sampuli kwa sababu haina jina. "Agaricales", jina la oda kubwa ya uyoga wenye matamvua, inatosha kuanzia. Weka "cf." ukidhani ni spishi fulani lakini inahitaji kuthibitishwa, na "aff." ukiona inakaribiana nayo lakini si yenyewe. Tahajia na jina linalokubalika sasa kagua kwenye Index Fungorum au MycoBank, hifadhidata za mtandaoni za majina ya kuvu. Mtu akibadilisha jina, andika kikaratasi kipya chenye jina, mtambuzi na tarehe, ukiambatishe juu ya bahasha. La zamani libaki, maana machapisho yaliyotangulia yalilitumia.

Ukipewa lebo za zamani

Nakili kwanza neno kwa neno, pamoja na makosa yake, kwenye kolamu ya mahali kama palivyoandikwa. Tafsiri yako ikae kolamu nyingine. "4.xi.1938" ni tarehe 4 Novemba: mwezi umeandikwa kwa Kirumi. Futi 5,000 ni mita 1,524. Wilhelmstal ya Wajerumani ni Lushoto, na Neu-Langenburg ni Tukuyu. Mikoa nayo imegawanyika: Katavi na Njombe ilianzishwa 2012, Songwe 2016, kwa hiyo "Mbeya" ya 1975 huenda leo ni Songwe. Na neno Amani lisikuchanganye. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, yenye kifupi EA, ilianzia Amani Usambara, na mhuri wa Amani unaweza kuonyesha palipohifadhiwa tu, si palipookotwa.

Viwianishi vilivyosomwa kwenye ramani za zamani huwa kwenye mfumo wa Arc 1960, nao hutofautiana na WGS84 wa GPS kwa takriban mita 300. Uandike mfumo uliotumika.

Mambo yakiharibika

Vumbi laini kama unga chini ya bahasha, na vitundu kwenye uyoga: wadudu wa ghalani wameingia. Funga bahasha na jirani zake kwenye mfuko, rudia siku 14 za friza, na usitupe vumbi kabla ya kulitazama kwa hadubini. Spora huwa bado zimo.

Ukungu mweupe juu ya sampuli: haikukauka au chumba kina unyevu. Kausha tena kwa nyuzi 40, pangusa kwa brashi, na andika kwenye kumbukumbu kwamba iliota ukungu. DNA yake isomwe kwa tahadhari.

Sampuli mbili zina namba moja: usiipe mojawapo namba mpya kimyakimya. Ziite AM 147a na AM 147b, kisha andika sababu daftarini na kwenye hifadhidata.

Namba imepotea, uyoga upo: fungua picha za siku hiyo na ulinganishe vipimo na idadi ya vipande. Usipokuwa na hakika, andika "namba haijulikani, imekaushwa tarehe fulani pamoja na AM 140–152". Usikisie.

DNA imeleta jina la ukungu wa kawaida kama Penicillium au Trichoderma: kipande kilitoka nje ya kofia, au uyoga ulikuwa umeanza kuoza. Rudi kwenye nusu uliyoiacha nzima, chimba ndani ya nyama, peleka tena.

Kumbukumbu ipo lakini bahasha haionekani: iache kwenye hifadhidata, weka alama "haijaonekana" na tarehe uliyotafuta. Mara nyingi imeazimwa, au imerudishwa kabatini chini ya jina jipya.